Kabla ya Kununua Sanduku: Namna ya Kupanga Uongozi na Maamuzi ya Kikundi

Kikundi changu cha kwanza cha kuweka na kukopeshana, yaani kikoba, hakikuibiwa hata senti. Nalisema mapema kwa sababu kila ninapoitwa kuwasaidia akina mama kuanzisha kikundi, iwe Kibirizi, Katonga au Ujiji, hapa Kigoma, swali la kwanza ni lile lile: tufanyeje tusiibiwe? Sisi tulikuwa 27, wote waanika dagaa. Tulinunua sanduku la chuma, tukalipaka rangi ya kijani, tukashona na sare. Wiki moja ya mbalamwezi, mitumbwi imepumzika na mwaloni, pale inapotua, hakuna biashara, mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake huko Kasulu. Akamfuata mwenyekiti usiku. Mwenyekiti akawapigia simu wenye funguo, wakafungua, wakampa shilingi 300,000. Mwezi haukuisha, pesa ikarudi yote na riba juu.

Kikundi kilivunjika hata hivyo. Kikao kilichofuata mtu aliuliza, "Nani alikupa ruhusa?" Mwenyekiti akajibu msiba ni msiba. Mwingine akadakia: mbona yeye alipouguliwa na mtoto aliambiwa asubiri Jumamosi? Tukaifungua katiba, haikuwa na neno hata moja kuhusu dharura. Tulibishana wiki tatu, tukagawana kilichokuwemo, kila mtu akashika njia yake. Sare ninayo bado, naivaa nikigeuza dagaa. Mwizi tungemfukuza tukaendelea. Hapa hapakuwa na wa kumfukuza.

Mwongozo huu ni wa kazi ile tuliyoiruka. Nimeupanga kwa mfuatano ninaoufuata siku hizi, na pesa inaingia nyuma kabisa. Mifano yangu ni ya dagaa na kikoba kwa kuwa ndiyo ninayoijua, ila waliokamua mawese pamoja, waliochimba kisima au wanaolima shamba la pamoja wataona mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Semeni nani yumo na nani hayumo

Kikao cha kwanza kiwe na swali moja tu: mtu awe na nini ndipo ahesabike mwenzetu? Mwaloni swali hili lina mtego wake, maana watu wanafuata samaki. Mwezi huu yupo Kibirizi, mwezi ujao kahamia kambi ya kusini, anarudi mvua zikianza. Msipoandika, ataondoka na mkopo akiwa mwanachama, atarudi akiwa mgeni. Sisi sasa tunasema: mwanachama ni mwenye kichanja chake cha kuanikia dagaa hapa, anayejulikana hadi nyumbani kwake na wawili kati yetu, na akisafiri zaidi ya giza moja aache mtu wa kumsemea. Giza ni zile wiki za uvuvi kati ya mbalamwezi na mbalamwezi. Tumeipima hivyo makusudi, kwa sababu hakuna mtu wa ziwani anayehitaji kalenda kujua giza limeisha.

Idadi iwe kati ya 15 na 30. Mkiwa wachache kuliko hapo mfuko haukui, mkiwa wengi zaidi hamwezi kuzungumza wote katika kikao kimoja. Kuzungumza wote ni jambo nitakalolirudia mpaka unichoke.

Hatua ya 2: Andikeni ugomvi kwanza, katiba baadaye

Nimeshika katiba nyingi za fotokopi. Moja, ya kikundi cha dagaa, ilikuwa na kifungu kinachomtoza faini mwanachama atakayekutwa akirina asali kwenye mzinga wa mwenzake. Bila shaka ilitoka kwa wafuga nyuki wa Tabora, ikapita mkono kwa mkono mpaka ziwani, kila katibu akibadilisha jina la juu tu. Kurasa tisa, zote zimesainiwa. Tulicheka mpaka machozi, kisha nikawauliza kifungu cha mkopo kinasema nini. Kimya.

Fanyeni hivi. Ketini duara, kila mmoja asimulie kikundi kimoja anachokijua kilichokufa, bila kutaja jina la mtu. Katibu asiandike hadithi; aandike swali lililokosa jibu ndani ya hadithi hiyo. Mtapata maswali kama haya: Nani anaweza kufungua sanduku nje ya siku ya kikao? Pesa ikionekana pungufu wakati wa kuhesabu, nani anafidia? Mwenyekiti mwenyewe akichelewa, nani anamtoza? Mwanachama akifariki ana mkopo, deni linakwenda wapi? Mume akija kudai hisa za mkewe, nani anamjibu na anamjibu nini?

Hilo la mwisho usilicheke. Kwetu lilichukua kikao kizima, kwa sababu nusu ya waliokuwepo walikuwa wamewahi kuliona na nusu nyingine walikuwa wakiliogopa. Tukafikia kwamba hisa hapewi mtu yeyote ila mwenyewe mkononi, mbele ya kikao, na kwamba siku ya kujiunga kila mtu anataja mrithi wake kwa sauti, katibu anaandika. Tangu hapo mume akija anaambiwa kwa heshima, "Shemeji, kitabu ndicho kinachosema," wala hakuna dada anayelazimika kugombana na mtu peke yake.

Duara moja hutoa maswali 20 hadi 30. Majibu yake ndiyo katiba yenu, na mara nyingi yanatosha kurasa mbili au tatu. Lugha iwe ile mnayosemea. Kifungu ambacho bibi wa pale pembeni hawezi kukirudia kwa maneno yake, kiandikeni upya.

Hatua ya 3: Gawanyeni maamuzi kwa uzito

Hapa ndipo sisi tuliteleza. Tulidhani kuna aina moja ya uamuzi: "kikundi kimeamua." Kumbe kuna maamuzi ya kila siku, kuna ya kamati, na kuna yasiyoguswa mpaka wote wakae. Kijiji chenyewe kimepangwa hivyo. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, halmashauri ya kijiji ina watu 15 hadi 25, mtendaji ana kazi zake. Mtendaji hawezi kuuza ardhi ya kijiji kwa saini yake, wala mkutano mkuu hauitwi kwa ajili ya kununua chaki.

Chukueni karatasi kubwa, chora safu tatu. Jazeni kwa vitu halisi, na penye pesa wekeni tarakimu. Kwetu imekaa hivi. Mtunza fedha peke yake anaweza kutumia hadi shilingi 10,000 za daftari, kalamu na nauli, akileta risiti. Kamati ya watu watano inaamua siku ya kikao ikibidi kuhama, inapokea maombi ya kujiunga, inamtembelea anayechelewesha marejesho. Wote tunaamua bei ya hisa, riba, kiwango cha juu cha mkopo, kumpokea au kumtoa mtu, kununua chochote kinachozidi 100,000, na kubadili katiba. Tarakimu zenu zitakuwa nyingine. Muhimu ziwepo.

Halafu ongezeni safu ya nne, ya dharura. Msiba hausubiri Jumamosi. Sisi tumetenga mfuko wa jamii ambao kila mtu anauchangia kidogo kila kikao, na kanuni inasema: mfiwa, aliyelazwa au aliyeunguliwa na nyumba anapata hadi shilingi 50,000 usiku huo huo, kwa kauli ya wanakamati watatu wowote, na taarifa inasomwa kikao kinachofuata kabla ya ajenda nyingine yoyote. Zaidi ya hapo asubiri wote. Mama aliyefiwa na baba yake angepata 50,000 na pole. Si 300,000, lakini kikundi kingekuwepo hadi leo.

Hatua ya 4: Namna ya kukata shauri

Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao anaijua hii. Mwenyekiti anapaza sauti, "Jamani, tunakubaliana?" Wote: "Ndiyooo!" Makofi. Nje, chini ya mwembe, kikao cha pili kinaanza, na cha pili ndicho cha kweli.

"Ndiyo" ya pamoja haina thamani kwa sababu aliyenyamaza amehesabiwa humo. Badilisheni swali. Badala ya kuuliza nani anakubali, ulizeni: "Nani anaona jambo hili litamuumiza yeye au kikundi?" Kisha zungukeni, mmoja mmoja, kuanzia kwa mdogo kabisa au aliyejiunga mwisho. Wakubwa wafuate, mwenyekiti awe wa mwisho. Msianze na mwenyekiti hata siku moja. Akishasema mama mkubwa kwamba yeye anaona ni sawa, binti wa miaka 22 atasimama kumpinga na adabu zake ataziweka wapi?

Majibu ni matatu tu. "Sawa." Au "Nina wasiwasi, lakini endeleeni," na wasiwasi unaandikwa. Au "Hapana, kwa sababu hii." Hapana bila sababu haisimamishi kitu, na sababu iwe ya kikundi, si "simpendi aliyeleta hoja." Hapana yenye sababu inasimamisha jambo, na kazi ya wote inakuwa kulirekebisha mpaka mtu huyo aweze kusema ana wasiwasi lakini twendeni. Hatutafuti kila mtu afurahi. Tunatafuta asiwepo wa kuumia.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Wanachama wenye mikopo walitaka marejesho yasimame hadi ziwa lifunguliwe. Hoja ikapita mzunguko: sawa, sawa, sawa, mpaka ikamfikia mama mmoja anayeuza mihogo na mawese pembeni, ambaye hakuwa na mkopo wowote. Akasema hapana. Sababu yake: yeye anaweka hisa tano kila kikao, na mkisimamisha kila kitu, pesa yake inalala miezi mitatu ikiwa mikononi mwa wengine. Minong'ono ikaanza. Zamani tungepiga kura, tungemshinda ishirini kwa mmoja, na Septemba tungempoteza na hisa zake zote. Tukazunguka tena. Binti mmoja akapendekeza: marejesho ya mtaji yasimame, riba ndogo iendelee, mikopo mipya isitoke, na tuyaangalie tena baada ya wiki nne. Yule mama akasema bado ana wasiwasi, lakini endeleeni.

Zingatia hizo wiki nne. Uamuzi wenye tarehe ya kuangaliwa upya hupita kwa urahisi kuliko uamuzi wa milele, kwa sababu aliye na wasiwasi anajua hajafungwa kamba. Hila hii imetusaidia kuliko kifungu chochote.

Kuna mambo mawili ambayo mzunguko wa wazi hauyafai: kuchagua viongozi na kumtoa mtu. Hayo ni kura ya siri. Hatuna karatasi za kura, tuna nafaka. Kila mwanachama anapewa punje moja ya hindi na harage moja. Chungu kinawekwa nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni. Hindi ndiyo, harage hapana. Unatumbukiza moja chunguni, nyingine unaidondosha kwenye ndoo ya pili, ili usitoke na ushahidi kiganjani. Kanga iwe nzito. Mara ya kwanza tulitumia kanga iliyochakaa, jua likipita nyuma yake mikono yote inaonekana.

Sasa akidi, yaani idadi ya waliopo ambayo kikao kisipoifikisha hakiamui. Fanya hesabu kabla hujaandika "nusu." Mko 30, akidi ni nusu, wamekuja 15, wanane wakasema ndiyo. Watu wanane wamewaamulia 30. Halafu utasikia "asiyekuwepo na lake halipo." Methali hiyo iwe ya chai na maandazi, si ya katiba. Kwa mambo ya safu ya wote, hesabuni dhidi ya wanachama wote: kwa kikundi cha watu 30, waliopo wasipungue 20, na kwenye kura ndiyo zisipungue 16. Wasipofika, ajenda inahamia kikao kijacho. Na kama mnaona wanachama hawafiki mara kwa mara, tazameni siku mliyochagua. Kikao cha giza, alfajiri, dagaa wabichi wakisubiri kuanikwa, nani atakuja? Vikao vikubwa viwekeni mbalamwezi.

Hatua ya 5: Viongozi, na nani asishike ufunguo

Mpango wa sanduku lenye kufuli tatu umeenea sana. Ulianza na akina mama wa Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Watu wengi wamechukua kufuli wakaacha maana yake. Funguo tatu zipo ili watu watatu wasioweza kukubaliana jambo baya kirahisi walazimike kuwa pamoja. Kwa hiyo: mwenye ufunguo asiwe mwenyekiti, katibu wala mtunza fedha. Wenye funguo wasitoke nyumba moja wala wasiwe mtu na wifi yake. Anayelaza sanduku kwake asiwe na ufunguo wowote. Sisi zamani funguo mbili zilikuwa kwa ndugu wawili waliopanga chumba kimoja, na hatukuona tatizo.

Viongozi wachaguliwe kila mwaka, baada ya mgao (siku ya kugawana akiba na riba), siyo kabla. Mtu asikae nafasi moja zaidi ya miaka miwili mfululizo, hata awe mzuri vipi. Hasa akiwa mzuri, maana ndiye mtakayemtegemea mpaka msahau kazi zinafanywaje. Andikeni pia namna ya kumwondoa kiongozi katikati ya mwaka, na ni nani anaongoza kikao hicho. Haiwezi kuwa yeye.

Kama mnaweka pesa kwenye simu au benki, kanuni ni ile ile: asitoe mtu mmoja. Namba ya siri ya kikundi ikijulikana na katibu peke yake, kufuli zenu tatu zimeshakuwa moja.

Hatua ya 6: Kitabu cha maamuzi

Mbali na daftari la hisa na mikopo, nunueni daftari jingine la maamuzi tu. Muhtasari mrefu wa "mwenyekiti alifungua kikao saa 9:20 kwa sala" hakuna anayeurudia. Uamuzi mmoja, mistari mitano: tarehe, tumeamua nini, nani alikuwa na wasiwasi gani, nani atekeleze, lini tuangalie tena. Ule wa 2024 kwetu umeandikwa hivi: "Marejesho ya mtaji yasimame. Riba iendelee. Mikopo mipya hapana. Wasiwasi: hisa zitalala. Mtekelezaji: mtunza fedha. Tuangalie: wiki nne."

Wasiosoma wasiachwe nje. Kila kikao kifunguliwe kwa kusoma kwa sauti maamuzi ya kikao kilichopita, na kifungwe kwa wote kutamka kiasi kilichobaki sandukuni. Kikao kijacho mwenyekiti anamwonyesha mtu yeyote kidole: "Tulifunga na shilingi ngapi?" Akikosea, anatoa faini ndogo na watu wanacheka. Mchezo huo umewahi kutuonyesha kosa la kalamu la 20,000 ambalo katibu, yaani mimi, nilikuwa nimelipita.

Hatua ya 7: Faini na usuluhishi

Elinor Ostrom, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, alichunguza kwa miaka mingi wavuvi, wafugaji na wamwagiliaji wanaotunza mali ya pamoja bila kumsubiri bwana mkubwa. Moja ya mambo aliyoyaona kwa waliodumu ni kwamba adhabu zao huanza ndogo na kupanda taratibu. Vikundi vyetu vingi hufanya kinyume: kosa la kwanza mtu anasamehewa kwa kuoneana haya, la pili anasamehewa, la tatu anafukuzwa kwa hasira.

Kuchelewa kwetu ni shilingi 500, na inalipwa papo hapo, hata na mwenyekiti. Kukosa kikao bila taarifa ni 1,000. Kuchelewesha rejesho: wiki ya kwanza ukumbusho, ya pili kamati inakutembelea, ya tatu hisa zako zinashikiliwa hadi mgao. Mtoza faini awe mtunza nidhamu mwenye sauti ya upole. Mkali atakusanya faini nyingi na wanachama wachache.

Kwa ugomvi wa watu wawili, chagueni mapema wasuluhishi watatu wasio kwenye kamati. Ukiwachagua baada ya ugomvi, kila upande utaleta wa kwake. Wakishindwa wao, ndipo mwende kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Hatua ya 8: Usajili

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kuweka na kukopeshana katika daraja la nne, na usajili unapitia halmashauri. Mwendeeni ofisa maendeleo ya jamii mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kusajili na orodha ya wanachama wenye saini zao.

Wengi wanakuja kwa ajili ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Ni jambo jema. Lakini ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa 2024, na vikundi vilivyoundwa kwa ajili yake tu vilikaa mwaka mzima bila sababu ya kukutana. Kopeni mkishazoeana walau hadi mgao mmoja kwa pesa zenu wenyewe.

Ratiba ya vikao vinne

Ukiniuliza kwa ufupi inachukua muda gani, ni mbalamwezi nne. Ya kwanza, nani yumo. Ya pili, duara la ugomvi. Ya tatu, safu za maamuzi na zoezi la kukata shauri kwa jambo dogo lisilo na pesa, kama rangi ya sare. Utashangaa litakavyochukua muda, na bora lichukue hapo. Ya nne, kura ya nafaka, mnapata viongozi na wenye funguo. Siku hiyo hiyo mtumeni mtu kwa fundi wa kuchomelea. Amwambie aweke matundu matatu ya kufuli kwenye mfuniko. La kwetu la kijani lilikuja na mawili, la tatu tukaliongeza baadaye kwa waya.